Mteja Yuleyule, Malipo Yasiyokoma

Katika fikra ya kawaida ya biashara, mauzo ni tukio lenye mwanzo na mwisho: bidhaa hutolewa, fedha hupokelewa, na kila upande hushika njia yake. Mfanyabiashara anayeishi kwa mauzo ya namna hiyo huamka kila asubuhi akiwa na matumaini tu kwamba mtu fulani atapita dukani kwake, na ndiyo maana wahasibu na wawekezaji huithamini zaidi aina nyingine ya pato, inayoweza kuitwa mapato ya kujirudia, yaani fedha ambazo biashara inatarajia kuzipokea tena na tena kutoka kwa mteja iliyekwisha kumpata, kwa vipindi vinavyojulikana na kwa kiasi kinachoweza kukadiriwa. Malipo ya king'amuzi ya kila mwezi, kifurushi cha intaneti cha wiki, ada ya bima ya mwaka na shilingi 50 za taa ya sola za kila siku ni sura mbalimbali za jambo hilo moja.

Jambo lenyewe si geni katika Afrika Mashariki, hata kama jina lake ni jipya. Muuza maziwa anayepeleka lita moja kwenye nyumba ileile kila alfajiri na kulipwa mwisho wa mwezi, mama lishe anayewalisha mafundi wa gereji moja kwa hesabu ya wiki, na mwenye duka anayeandika unga na sukari kwenye daftari hadi mshahara utoke, wote wanaishi kwa mapato ya kujirudia, na methali isemayo kwamba mali bila daftari huisha bila habari inaonyesha kuwa wahenga walikwisha kukitambua chombo chake kikuu, ambacho ni kumbukumbu. Kilichobadilika ni kwamba daftari limehamia kwenye kompyuta na simu, limepewa uwezo wa kukata fedha lenyewe na hata wa kuzima kifaa kilichomo nyumbani kwa mteja, na halishikwi tena na jirani anayeweza kuelezwa kwamba mtoto alikuwa mgonjwa wiki hii.

Hesabu inayozifanya kampuni zimng'ang'anie mteja wa zamani ni nyepesi. Ichukuliwe kampuni inayobakiwa na faida ya shilingi 4,000 kwa kila mteja kwa mwezi, na ambayo kati ya kila wateja 100 hupoteza 5 kila mwezi. Sehemu hiyo inayoondoka huitwa kiwango cha upotevu wa wateja, nayo ikiwa ni 5 katika 100, mteja wa wastani hukaa miezi 20, hivyo thamani yake kwa muda wote anaokaa ni shilingi 80,000. Kampuni hiyo ikifaulu kupunguza upotevu kutoka wateja 5 hadi 4, muda wa wastani huwa miezi 25 na thamani ya kila mteja hupanda hadi shilingi 100,000, ilhali bei haikuguswa na hakuna tangazo hata moja lililobandikwa barabarani. Mwaka 1990, Frederick Reichheld wa kampuni ya ushauri ya Bain na Earl Sasser wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha uchunguzi wao kuhusu sekta kadhaa za huduma, wakaeleza kwamba kupunguza uhamaji wa wateja kwa asilimia 5 kuliinua faida kwa kati ya asilimia 25 na 85, kutegemea sekta. Takwimu hiyo imerudiwa na wauzaji wa dunia nzima kana kwamba ni kanuni ya fizikia, jambo ambalo si sahihi, kwa kuwa ilitokana na biashara chache tu, lakini mwelekeo wake hauna shaka: gharama ya kumtafuta mteja hulipwa mara moja, na kila mwezi anaobaki ni mwezi ambao gharama hiyo hairudiwi.

Hata hivyo, idadi ya miezi haielezi kama mteja anakaa kwa kupenda, kwa kuhitaji au kwa kukosa mlango wa kutokea. Vitabu vya biashara hupenda kujibu swali hilo kwa kisa cha Mmarekani King Camp Gillette, ambaye husemekana aliuza kishikio cha wembe kwa bei ya kutupa ili achume faida kwenye nyembe zinazobadilishwa. Kisa hicho kina kasoro. Katika mwaka 1903, wa kwanza wa mauzo yake, kampuni ya Gillette iliuza vishikio 51 na nyembe 168 tu, na bei ya kishikio, dola 5, ilikuwa karibu theluthi moja ya mshahara wa wiki wa mfanyakazi wa kiwandani wa wakati huo. Mwanasheria Randal Picker wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyezipitia upya kumbukumbu hizo, ameonyesha kwamba bei ya juu ilidumu kwa muda wote ambao kampuni ililindwa na hataza, ambayo ni haki ya kisheria ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine kuiga kazi yake, na kwamba kishikio cha bei nafuu, cha dola 1, kilikuja mwaka 1921 hataza zilipoisha. Kwa maneno mengine, kampuni ilishusha bei siku ilipopoteza kufuli lake, na bado wateja wakaendelea kurudi kununua nyembe, jambo linalodokeza kwamba mazoea na ubora viliwashika zaidi kuliko sheria ilivyowashika.

Njia nyingine za kale zaweza kutajwa kwa haraka. Kampuni ya Singer ilianza kuuza vyerehani kwa malipo ya kidogo kidogo nchini Marekani mwaka 1856, chini ya mshirika wake Edward Clark, kwa sababu chombo hicho kilizidi uwezo wa familia nyingi lakini kiliweza kujilipia chenyewe kwa kazi ya mikono ya mwenye kukitumia. Xerox, ilipotoa mashine yake ya fotokopi aina ya 914 mwaka 1959, iliikodisha kwa dola 95 kwa mwezi pamoja na nakala 2,000, kisha ikatoza senti chache kwa kila nakala iliyozidi, na ofisi ambazo hazikuwahi kudhani zinahitaji nakala nyingi kiasi hicho zikajikuta haziwezi kufanya kazi bila mashine hiyo. Singer iliuza chombo ambacho siku moja kingekuwa mali ya mnunuzi, ilhali Xerox iliuza matumizi ya chombo ambacho kingebaki kuwa cha kampuni, na tofauti hiyo ndiyo inayogawa biashara za leo katika makundi mawili ambayo mteja asiye makini huyaona kuwa kundi moja: malipo yenye mwisho na malipo yasiyo na mwisho.

Mfano mkubwa wa kundi la pili katika zama hizi ni kampuni ya Adobe, mtengenezaji wa programu za kuhariri picha na kusanifu kurasa zinazotumiwa na wapigapicha, wachapishaji na magazeti. Hadi mwaka 2013 programu hizo ziliuzwa mara moja kwa bei kubwa, na aliyenunua aliweza kutumia toleo lake kwa miaka mingi bila kutoa senti nyingine. Mei mwaka huo Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya yangepatikana kwa malipo ya kila mwezi pekee, na mapato yake, yaliyokuwa takriban dola bilioni 4.4 mwaka 2012, yakashuka hadi bilioni 4.1 kwanza, kwa kuwa malipo madogo ya mwezi yalichukua nafasi ya malipo makubwa ya mara moja, kisha yakapanda hadi kufikia takriban dola bilioni 21.5 mwaka 2024. Anayetazama hesabu za kampuni ataona ushindi, lakini msanifu wa mabango mwenye kioski chake mjini ataona kwamba chombo cha kazi ambacho baba yake wa ufundi alikimiliki, yeye atakipanga maisha yake yote kama chumba. Juni 2024 serikali ya Marekani, baada ya kufikishiwa suala hilo na Tume ya Biashara ya Shirikisho, iliishtaki Adobe ikidai kwamba iliificha ada ya kuvunja mkataba kabla ya mwaka kuisha na kwamba iliufanya utaratibu wa kujiondoa kuwa mgumu, madai ambayo kampuni iliyakanusha. Kesi hiyo iligusa jambo lililo muhimu kuliko ada yenyewe, nalo ni kwamba mapato ya kujirudia hupoteza uhalali pale kujiunga kunapochukua dakika moja na kujitoa kunapochukua siku nzima.

Afrika Mashariki imechangia katika historia hii kitu ambacho Singer na Xerox hazikuwa nacho, yaani uwezo wa kukusanya malipo madogo sana kutoka kwa watu walio mbali sana. Kabla ya huduma ya fedha za simu ya M-Pesa kuanza nchini Kenya Machi 2007, kampuni iliyotaka kumdai mteja wa kijijini shilingi 50 kila siku ingelazimika kumtuma mtu ambaye nauli yake pekee ingeimeza fedha hiyo mara kadhaa. Fedha za simu ziliondoa nauli. Mwaka 2011 Jesse Moore, Nick Hughes na Chad Larson walianzisha kampuni ya M-KOPA, na si bahati kwamba Hughes alikuwa miongoni mwa watu wa kampuni ya simu ya Vodafone waliohusika na kuzaliwa kwa M-Pesa. Kampuni hiyo ilianza kuuza nchini Kenya mfumo mdogo wa sola wenye paneli, taa, redio na nyaya za kuchajia simu, kwa arbuni ya takriban shilingi 3,000 za Kenya na kisha shilingi 50 kwa siku kwa muda wa mwaka mmoja, kiasi kilichopangwa kikaribiane na kile ambacho familia nyingi zilikuwa zikitumia kwa mafuta ya taa na kuchajisha simu.

Ndani ya kisanduku cha mfumo huo mna kadi ya simu inayowasiliana na kampuni, na kadi hiyo ndiyo moyo wa biashara nzima. Mteja akilipa, kifaa hufunguka kwa siku alizolipia. Asipolipa, hujifunga, na taa haziwaki hadi fedha ifike. Katika mpango wa aina hii, unaojulikana kama kulipa kadiri unavyotumia, siku isiyolipiwa kwa kawaida haimpi mteja adhabu nyingine isipokuwa giza na kusogezwa mbele kwa siku ya mwisho wa deni, na jambo hilo linaufaa uchumi wa mkulima au mvuvi ambaye fedha yake huja kwa msimu. Akishamaliza siku zake, kufuli hufunguka moja kwa moja na mtambo huwa wake. Mzigo wote wa malipo, arbuni pamoja na siku 365, ulifikia takriban shilingi 21,250, na ingawa kununua kwa fedha taslimu kwa kawaida huwa nafuu kuliko kununua kwa mkopo, mafuta ya taa hayakuwahi kumwachia mtu chochote isipokuwa masizi kwenye dari.

Hata hivyo, mwisho huo wa malipo haukuwa mwisho wa mapato ya kampuni, na hapo ndipo ubunifu wake halisi ulipo. Mteja aliyelipa mwaka mzima bila kukatisha alikuwa ameacha kumbukumbu ya mamia ya malipo madogo, kumbukumbu ambayo benki haikuwahi kuwa nayo kumhusu, na kwa msingi huo aliweza kuongezewa mkopo mwingine wa jiko sanifu, tangi la maji, televisheni au ada ya shule, huku mtambo uleule wa sola, uliokwisha kulipiwa, ukitumika kama dhamana. Kufikia mwaka 2023 kampuni ilikuwa imehudumia zaidi ya wateja milioni 3 katika nchi kadhaa za Afrika, wengi wa siku hizi wakiwa wanunuzi wa simu janja zinazojifunga kwa njia ileile. Wazo hilo limeingia pia jikoni: kampuni ya KopaGas iliyoanzia Tanzania ilitengeneza mita inayofungwa kwenye mtungi wa gesi ili familia inunue gesi ya mlo wa siku badala ya mtungi mzima, na teknolojia yake ikanunuliwa na Circle Gas mwaka 2020 na kuenezwa Kenya kwa jina la M-Gas.

Haipaswi kudhaniwa kwamba pato la kila siku ni pato la uhakika. Kampuni inayouza kwa njia hii hununua paneli kwa fedha za leo na kulipwa kwa shilingi za miaka ijayo, kwa hiyo nayo hukopa, na mara nyingi hukopa kwa sarafu za kigeni, ilhali mvua ikikosekana wilaya nzima huweza kuacha kulipa kwa pamoja. Mobisol, kampuni ya Kijerumani iliyokuwa na maelfu ya wateja Tanzania, Rwanda na Kenya, iliingia katika utaratibu wa ufilisi Aprili 2019 na kununuliwa na Engie ya Ufaransa mwaka huohuo, ingawa paa zenye paneli zake zilikuwa zikionekana kila upande wa barabara kuu.

Kufuli la sola lina ubaya wake, lakini angalau lina tarehe ya kufunguka. Si hivyo kwa kila biashara inayotumia njia hiyohiyo ya simu. Novemba 2012 kampuni ya simu ya Safaricom na benki ya CBA zilianzisha nchini Kenya M-Shwari, mkopo wa siku 30 uliokuwa na ada ya asilimia 7.5, ambao kwa mtu wa dharura moja ulikuwa msaada wa kweli, lakini kwa aliyekopa kila mwezi ili alipe wa mwezi uliopita ulikuwa sawa na kutoa asilimia 90 ya mkopo huo kwa mwaka. Fuliza, iliyofuata Januari 2019, humruhusu mteja kulipa hata salio lake likiwa limekwisha, hutoza ada ya kila siku hadi deni liishe, na hujilipa yenyewe mara fedha yoyote inapoingia kwenye simu. Oktoba 2022 ada za mikopo midogo ya Fuliza zilipunguzwa. Hata baada ya nafuu hiyo, hapa pana aina ya mapato ya kujirudia inayostahili kuangaliwa kwa jicho kali kuliko nyingine zote, kwa sababu mteja harudi kununua kitu, anarudi kuziba shimo, na kadiri shimo linavyochimbika ndivyo mtoa huduma anavyohesabu kuwa na mteja mwaminifu.

Kipimo kimoja kinaweza kumsaidia mtu wa kawaida kuzitofautisha biashara hizi, nacho ni kuuliza saa ya huduma inashikwa na nani. Umeme wa LUKU, ambao Tanzania imeuzoea kwa miongo kadhaa kama Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, hulipiwa kabla, lakini yuniti zilizokwisha kuingizwa kwenye mita humsubiri mwenye nyumba hata akisafiri mwezi mzima, kwa hiyo saa iko mikononi mwake. King'amuzi kilicholipiwa huendelea kuhesabu siku zake hata nyumba ikikosa umeme au mwenyewe akiwa amelazwa hospitali. Kifurushi cha intaneti cha siku huzimika saa ikifika, na kilichobaki hakirudishwi, ingawa kilikwisha kulipiwa. Kwamba hali hiyo si ya lazima kiteknolojia kulionekana Kenya Oktoba 2019, pale Safaricom, baada ya malalamiko ya muda mrefu yaliyofika hadi kwenye vyombo vya sheria, ilipoanza kuuza vifurushi visivyoisha muda. Mtandao haukuporomoka, na wateja hawakuikimbia kampuni.

Kuna pia mapato ambayo hujirudia kwa sababu mlipaji hajui kwamba analipa, kama vile miito ya nyimbo, jumbe za michezo na dondoo za afya ambazo hukata shilingi chache kila siku kwenye salio la mtu aliyebonyeza namba asiyoielewa. Kiasi kinachokatwa ni kidogo mno kwa mtu mmoja kwenda kulalamika, na hapo ndipo biashara hiyo inapojificha. Hakuna haja ya kuipamba kwa jina la ubunifu.

Wafanyabiashara wadogo wanaosoma habari za kampuni hizi wanaweza kudhani kwamba hayo yote yanahitaji mitambo, ilhali sehemu yake bora haihitaji. Fundi wa majokofu anayemwandikia mteja tarehe ya kusafisha mtambo na kumpigia wiki moja kabla, mwenye duka la dawa anayekumbuka kwamba dawa za shinikizo la damu za mzee fulani huisha kila tarehe 20, na fundi cherehani anayehifadhi vipimo vya sare za watoto wa mtaa, wanajenga mapato ya kujirudia kwa daftari la shilingi mia chache, na mteja wao hurudi akijua kwamba anaweza kwenda kwingine.

Kuhusu kampuni kubwa, hatua moja iko ndani ya uwezo wa Tume ya Ushindani ya Tanzania na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya: kila bidhaa inayouzwa kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi iandikwe kwenye kasha lake, kwa Kiswahili na kwa tarakimu kubwa kama za bei ya siku, jumla ya fedha zitakazolipwa hadi mwisho, tarehe ya mwisho huo, na namna ya kujitoa. Kabla sharti hilo halijawekwa, msomaji anayelipia taa, simu au mtungi kwa siku na achukue kalamu leo, azidishe malipo ya siku kwa siku zilizobaki, kisha aiulize kampuni ni siku gani kufuli litafunguka. Akijibiwa kwamba siku hiyo haipo, basi ajue kwamba hakuuziwa kitu, amepangishwa.